Mvua Imebadilika, Tusikatae
Mafundisho kwa wamama siku ya kilo, Fizi na Baraka

Mukae vizuri. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe, hakuna haya hapa. Mizani itaanza kazi baada ya mafundisho.

Siku zingine tunafundisha juu ya kuhara, juu ya maziwa ya mama, juu ya chanjo. Leo tutafundisha juu ya mvua. Najua kuna atakayejiuliza moyoni: munganga ana kazi gani na mvua? Mvua si ugonjwa. Musikilize mpaka mwisho, mutaona kwamba mvua, mbu, ndakala na kilo ya mtoto wako ni kamba moja. Ukivuta upande mmoja, upande mwingine unatikisika.

Juma lililopita, hapa hapa kwenye benchi, wamama walibishana. Mmoja alisema mto ulikula shamba lake kwa sababu kuna bibi mzee, jirani yake, ambaye anautuma usiku. Wa pili akasema: “Hapana, ni Mungu tu, amechoka na dhambi zetu.” Wa tatu akasema: “Ziwa linapanda, ziwa linashuka, ni desturi yake tangu mababu.” Na wa nne, kijana aliyesoma kidogo, akacheka akasema: “Radio inasema ni mabadiliko ya tabianchi. Lakini hayo ni maneno ya wazungu, wanataka pesa.”

Niliwaacha wamalize. Kisha nikajisemea: maneno haya manne si ya benchi hili tu. Yako katika kila nyumba, kuanzia Makobola mpaka Kazimia, na juu mpaka Fizi-centre. Na kila moja linaweza kuua mtoto. Ndiyo sababu leo tunayachukua moja moja.

KWANZA, MUJUE KILICHOTOKEA KASABA

Wote munajua Kasaba, kule chini katika sekta ya Ngandja, katika teritwari yetu ya Fizi, kando ya ziwa. Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9, mwezi wa tano, mwaka 2025, mvua kubwa yenye upepo ilinyesha. Mto Kasaba ulijaa kule juu. Ulishuka na mawe makubwa, miti na matope, ukaingia kijijini wakati watu wamelala. Zaidi ya watu 100 walikufa. Waliokufa zaidi walikuwa watoto na wazee, maana ndio wasioweza kukimbia.

Tena Kasaba si peke yake. Mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe uliingia katika mji wa Uvira, watu makumi wakafa, maelfu wakabaki bila nyumba. Mwezi wa tano mwaka 2023, kule Kalehe, vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilibebwa na maji kwa siku moja, watu zaidi ya 400 wakafa. Na ziwa letu Tanganyika nalo lilipanda mwaka 2020 na 2021, likapanda tena mwaka 2024, likaingia katika nyumba za Baraka, Uvira, Kalemie, na ng'ambo kule Bujumbura na Kigoma.

Mama anayejua mambo haya, halafu bado analaza watoto wake chini ya ukingo wa mto kwa kusema “mto huu haujawahi kufika hapa”, huyo anakataa. Kukataa si kusema kwa kinywa tu. Kukataa ni pia kulala pale pale.

Nisiwadanganye. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wanaokataa. Nyumba yetu ilikuwa karibu na kijito kidogo, hata mbuzi alikivuka bila kulowa tumbo. Masika moja, mvua ilianza jioni kule mlimani, na kwetu chini ilikuwa matone tu. Mama mkwe akasema: “Twende tulale kwa shemeji yako, kule juu.” Mimi nikacheka. Nikasema nina kazi asubuhi, na kijito hiki ninakijua. Mama mkwe hakubishana. Alibeba watoto wawili, akashika wa tatu mkono, akaenda. Usiku wa manane nilisikia sauti kama lori inashuka juu ya mawe. Nilitoka kwa dirisha. Asubuhi jiko halikuwepo, chumba cha watoto kilijaa matope mpaka juu ya kitanda, na jiwe moja lilikuwa pale pale ambapo wanalala. Wamama, mimi nimesoma, mama mkwe wangu hajui kuandika jina lake. Lakini yeye ndiye aliyeona.

SASA TUJIBU MANENO MANNE

Neno la kwanza: “Ziwa linapanda na kushuka tangu mababu.”

Neno hili lina ukweli ndani yake, tusiwadharau wazee. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, ule mto Lukuga karibu na Kalemie. Zamani mlango ule ulizibwa na mchanga na majani, ziwa likapanda sana, mpaka mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Tena wazee wetu wanakumbuka mwaka 1964, mwaka ule wa uasi wa Mulele. Mvua nyingi za miaka ya 1961 na 1962 zilikuwa zimejaza ziwa, na mwaka 1964 maji yalikuwa juu sana. Mwaka 2024 ziwa lilikaribia kipimo kile.

Basi mzee akisema “tumeona hivi”, mwambie: “Ndiyo, baba, ni kweli.” Lakini mwulize pia: kati ya 1964 na 2020, ulikaa miaka mingapi? Karibu miaka 56. Na kati ya kupanda kwa 2021 na kupanda kwa 2024, miaka mingapi? Mitatu tu. Mtoto mwenye homa mara moja kwa mwaka, mama hashangai. Mtoto mwenye homa kila juma, mama anamleta kiliniki. Hasemi “homa ilikuwepo tangu mababu”. Anasema kuna kitu kimebadilika.

Kilichobadilika ni joto. Mutie jambo hili akilini, si gumu. Mtoto akilala na blanketi moja, anapata joto la kumtosha. Ukimwongezea blanketi ya pili, ya tatu, ya nne, ataanza kutoka jasho, hata kama hali ya nje ni ile ile. Dunia nayo ina blanketi yake ya hewa. Mungu aliiweka ili tusife kwa baridi. Lakini kwa zaidi ya miaka 150 viwanda, na baadaye magari na ndege za nchi tajiri, vimechoma makaa ya mawe na mafuta ya petroli, na gesi inayotoka, ile wataalamu wanaita kaboni, inaongeza unene wa blanketi. Kuchoma misitu kunaongeza pia. Joto halipati njia ya kutoka. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa, karibu digrii moja na nusu juu ya siku za kabla ya viwanda.

Mutasema digrii moja na nusu ni kidogo. Mtoto mwenye digrii 37 ni mzima. Ukimwongezea digrii mbili anafika 39, nanyi wote mutakimbia naye hapa. Kwa mwili, kidogo ni kingi. Kwa dunia ni vivyo hivyo.

Tena hewa yenye joto inabeba maji mengi. Kila digrii moja inayoongezeka, hewa inaweza kubeba maji zaidi, karibu sehemu 7 juu ya kila 100. Kama kitambaa kikubwa kinachonywa maji mengi, siku kikikamuliwa, kinamwaga mengi kwa mara moja. Ndiyo sababu munasema wenyewe: mvua inachelewa, tunangoja na mbegu mkononi, halafu inakuja yote kwa usiku mmoja.

Neno la pili: “Ni bibi mzee, anatuma mto.”

Hapa nitasema kwa nguvu. Maji yaliyoingia Uvira, Kalehe, Kasaba, Bujumbura na Kigoma, ni bibi mmoja aliyatuma? Alipanda mtumbwi gani kwenda kote huko? Bibi yule munayemsonta kidole, yeye mwenyewe amelala katika nyumba ya matope karibu na mto. Maji yakija, yeye ndiye wa kwanza kufa. Kule Kasaba wazee walikufa pamoja na watoto.

Kumsingizia mzee uchawi ni dhambi na ni kosa mbele ya sheria. Tena ni hatari ya namna nyingine: mukimfukuza bibi, mutarudi kulala kwa amani, mukidhani mumemaliza shida. Mto haujasikia habari hiyo. Mvua ya pili utashuka tena.

Mama ukisikia maneno haya kwenye kisima, usinyamaze. Sema: “Bibi huyu ni mtu kama sisi. Tumsaidie kuhama pamoja nasi.”

Neno la tatu: “Ni Mungu, hatuwezi kitu.”

Sisi wa misheni hatuwezi kusema Mungu hayupo katika mambo haya. Lakini mukumbuke Noa, ambaye wengine wanamwita Nuhu. Alijenga safina wakati mvua haijaanza, katika jua. Imani yake haikumfanya akae kitako. Ilimfanya akate mbao. Mukumbuke na Yosefu kule Misri. Alipojua miaka ya njaa inakuja, hakusema “ni mapenzi ya Mungu tufe”. Aliweka nafaka ghalani.

Mtoto akipata malaria, unaomba na unaleta mtoto kiliniki. Huchagui moja. Basi na mto ni hivyo hivyo: omba, na uhamishe kitanda.

Na kuna jambo Mungu hakulifanya, tumelifanya sisi. Miti ya milima yetu, nani aliikata? Tulikata kwa makala, kwa mashamba, kwa matofali. Mlima wenye miti, mvua inaingia taratibu katika udongo. Mlima mtupu, maji yanashuka kwa mbio na kubeba mawe. Tena tumejenga ndani ya njia ya mto, kwa sababu vita vilitufukuza mashambani na kiwanja kule ni cha bei rahisi. Sikulaumu wewe uliyekimbia na watoto ukajenga ulipopata nafasi. Ninasema tu kwamba joto la dunia na mlima mtupu vinashikana mkono.

Neno la nne: “Ni maneno ya wazungu, ni uongo.”

Huyu kijana aliyecheka, nilimwuliza: wewe ni mtoto wa mvuvi? Akasema ndiyo. Nikamwambia: basi ziwa lenyewe likufundishe.

Wataalamu walichimba matope ya chini ya ziwa Tanganyika. Matope yale ni kama daftari, kila mwaka unaandika mstari wake. Walisoma miaka 1,500 nyuma, na mwaka 2010 wakatangaza kwamba katika muda huo wote maji ya juu ya ziwa hayajawahi kuwa na joto kama la siku zetu. Maana yake ni nini kwa sufuria yako? Chakula cha ndakala kinatokana na mbolea iliyo chini katika maji ya baridi. Upepo unakoroga ziwa, mbolea inapanda juu, vimelea vya majani vinaota, ndakala wanakula na kunenepa. Lakini maji ya juu yakipata joto sana, yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi. Hayachanganyiki vizuri na ya chini. Mbolea inabaki gizani, ndakala wanapungua, na mikebuka wanaokula ndakala wanapungua pia. Ni kweli pia kwamba tunavua kupita kiasi, tena na nyavu za macho madogo. Ndiyo maana Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano mpaka tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 2024, ili samaki wazae. Lakini hata nyavu zikiwa nzuri, joto bado linafanya kazi yake.

Sasa juu ya wazungu. Ni kweli wako wazungu wanaosema ni uongo. Mwezi wa tisa mwaka 2025, Rais wa Marekani alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema habari hii ni udanganyifu mkubwa. Lakini musikie na hili: mwaka 1977 mtaalamu wa kampuni kubwa ya mafuta ya Marekani, Exxon, aliwaeleza wakubwa wake kwamba kuchoma mafuta kunaweza kupasha dunia joto. Wakajua. Na miaka iliyofuata kampuni ile ikatoa pesa ili watu wawe na mashaka. Kwa hiyo, mwanangu, ukitafuta mahali pesa inapofanya kazi, itafute upande wa wanaokataa pia.

Mkubwa anaweza kukataa, maana nyumba yake haiko Kasaba. Sisi hatuna nafasi ya kukataa. Nchi yetu Kongo, pamoja na ukubwa wake wote, moshi wake wa mafuta na makaa haufiki hata sehemu moja juu ya 100 ya moshi wa dunia. Hatukushona blanketi hii, lakini tumefunikwa nayo. Kwa hiyo tuna haki ya kudai msaada kwa walioishona, na wakubwa wetu wadai kwa jina letu. Lakini wakati tunangoja, usiku unaingia na mvua inanyesha.

JINSI JAMBO HILI LINAVYOINGIA KATIKA MWILI WA MTOTO

Maji machafu. Mafuriko yanaingia katika vyoo, yanabeba uchafu mpaka kisimani na ziwani. Hapo kolera inapata njia. Munajua Fizi, Baraka, Uvira na Kalemie zinatajwa kwa kolera karibu kila mwaka. Mtoto mwenye kolera anaweza kufa kwa masaa machache.

Mbu. Maji yakibaki katika mashimo, mbu wanazaa. Tena joto linawasaidia kupanda milima. Wataalamu walihesabu malaria katika milima ya Etiopia na Kolombia, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba mwaka ukiwa na joto zaidi, malaria inapanda sehemu za juu zaidi. Wamama munaotoka Itombwe na Minembwe, musiseme tena “kwetu ni baridi, hakuna mbu”. Mtoto akipata homa, hata kule juu, apimwe malaria.

Njaa. Maharagi yakioza shambani, ndakala wakiwa ghali, mtoto anabaki na bugali na sombe bila kitu cha kujenga mwili. Kilo inasimama, kisha inashuka, miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi. Ni bwaki. Kwenye kadi ya mtoto mimi ninaona mvua ya mwaka mzima, hata kama mama hajaniambia kitu.

Mimba. Mama mwenye mimba anaumizwa na joto kuliko wengine, na malaria inamharibu yeye pamoja na mtoto. Na barabara kubwa ya Uvira kuja Baraka ikikatwa na mito, mama mwenye uchungu hafiki hospitali.

TUFANYE NINI?

Juu ya mto. Mvua ikinyesha mlimani, hata kama kwako ni kukavu, usilale chini. Panga leo, mchana, utalala kwa nani kule juu. Angalia alama hizi: maji yanageuka matope ghafla, unasikia sauti ya mawe yanagongana, mto unapungua ghafla wakati mvua inanyesha, maana yake umezibwa juu na utapasuka. Ukiona moja tu, beba watoto na upande juu mbali na mto. Usirudi kuchukua sufuria. Usivuke maji yanayokimbia, hata kama yanafika kwenye goti tu. Yanaangusha mtu mzima. Mtaa wote wachague watu wawili wa kukesha usiku wa mvua kubwa, wakiwa na filimbi au ngoma.

Kadi ya mtoto. Funga kadi ya chanjo na ya kiliniki katika mfuko wa plastiki, uitundike juu karibu na mlango. Ukikimbia, iko karibu na mkono.

Juu ya maji ya kunywa. Chemsha mpaka yatoe mapovu makubwa. Kama kuni ni shida, chukua chupa ya plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, jaza maji yaliyo safi kwa macho, uilaze juu ya bati katika jua kwa masaa sita. Siku za mawingu, uiache siku mbili. Jua linaua vijidudu, na mti mmoja unabaki mlimani. Na ukisikia kolera imetangazwa, fuata dawa ya maji inayotolewa kwenye vituo. Nawa mikono kwa sabuni au majivu.

Mtoto akihara. Chukua maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Onja: yasiwe na chumvi kupita machozi. Mpe kidogo kidogo, tena na tena, na uendelee kunyonyesha. Halafu njoo. Mtoto akihara maji kama ya mchele, usingoje asubuhi.

Juu ya mbu. Chandarua ni cha mtoto na cha mama mwenye mimba, si cha kuvulia ndakala. Mwaga maji ya mashimo na mikebe. Homa ikianza, njoo kabla siku moja haijapita.

Juu ya chakula. Usipande mbegu yote kwa mvua ya kwanza. Gawanya: nyingine leo, nyingine baada ya majuma mawili. Ndakala wakiwa ghali, saga karanga au soya utie katika uji wa mtoto. Weka matembele na lengalenga karibu na nyumba. Kila mama apande miti miwili ya matunda, na kando ya mto mupande mianzi.

JINSI YA KUSEMA NYUMBANI

Wamama, najua shida yenu. Wewe umesikia, lakini bwana hakuwa hapa. Ukifika nyumbani na kusema “munganga amesema tuhame”, atakujibu “munganga atatujengea nyumba?” Na kweli, siwezi kuijenga.

Basi usianze na kuhama. Mwambie: “Baba fulani, mvua ikinyesha mlimani, tulale juu usiku ule tu.” Usiku mmoja haugharimu kitu. Kisha mwombe mwende pamoja mutazame alama ya maji yalipofika mwaka jana. Macho yake yatamfundisha kuliko kinywa chako. Usimwaibishe mbele ya watu. Mtu anayeogopa kupoteza kiwanja chake, mara nyingi anakataa kwa sababu ya woga. Mpe njia ndogo ya kukubali.

Na nyinyi mabibi, musinyamaze. Munakumbuka mito ilipopita zamani, kabla nyumba hazijajengwa. Mto haukusahau njia yake ya zamani. Waonyesheni vijana: “Hapa palikuwa maji.”

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mvua na joto vimebadilika. Ziwa lenyewe linashuhudia.
2. Si uchawi. Tumlinde mzee, tusimfukuze.
3. Tuombe kama Noa, na tujenge kama Noa.
4. Mvua ikiwa mlimani, watoto walale juu.
5. Maji ya kunywa yachemshwe au yalazwe juani.
6. Chandarua kila usiku, na homa isilale nyumbani.
7. Kadi ya mtoto katika plastiki, karibu na mlango.

Wamama, kule Kasaba walikuwa wamama kama nyinyi. Walipika jioni, wakaosha watoto, wakafunga mlango. Hakuna aliyewakosea heshima kuliko sisi tukijua habari yao na kubaki pale pale. Juma lijalo nitauliza kila mmoja swali moja tu, kabla ya kumpima mtoto: “Mvua ikianza mlimani usiku huu, utalala kwa nani?” Mujibu jina la mtu, si “tutaona”.

Mungu awabariki. Sasa tuvue watoto nguo, tuanze na aliyefika wa kwanza.